Mliandika "akapona", mbona habari ya choo mkaiacha?

Bwana Mhariri,

Asalaam aleikum na poleni na kazi. Naomba mnichapie hii barua hata kama ni ndefu, na ikibidi mkate basi kateni pale ninapopiga domo lakini msikate habari ya choo, manake hio ndo iliyonifanya nishike kalamu. Jina langu nimewawekea chini mlijue nyinyi, gazetini msilitie. Hapa Lamu mitaa ni myembamba na habari inapita kabla ya punda.

Juzi mwanangu aliniletea gazeti lenu, kwenye ukurasa wa afya mmeandika saratani ya utumbo mkubwa. Mmeandika vizuri, sikatai. Damu kwenye choo, uzito kushuka, watu wasingoje wapimwe mapema, yote sawa. Mkamleta na mgonjwa mmoja, alikatwa uvimbe kule chini akapona akarudi kwake. Nukta. Habari ikaisha hapo. Nilicheka peke yangu barazani mpaka jirani akaniuliza wacheka nini, nikamwambia hakuna kitu, kumbe kitu kipo, manake yangu mimi ilianza pale pale yake ilipoishia.

Mimi ni mshona kofia, miaka 58, mtu wa Langoni. Miaka mitatu nyuma nilianza kuona damu nikasema bawasiri, hapa kwetu kila damu ya huko ni bawasiri, na mshona kofia anakaa kitako kutwa kucha kwa hivo nani atambishia. Nikanywa miti shamba, nikapaka marhamu, nikaambiwa niache pilipili nikaacha, miezi minane imepita hivo hivo. Mwisho nikapelekwa Mombasa nikatiwa kamera kwa nyuma (wanaokula wanisamehe) ikaonekana uvimbe, tena uko chini kabisa karibu na mlango wenyewe. Nikapigwa mionzi, nikapewa dawa, ndo nikapasuliwa. Wakakata kile kipande kibovu wakauvuta utumbo wa juu wakauunga kule chini, na tumboni wakanitoboa nikawa natoa choo kwa mfuko miezi mitano ili kiungo kishike. Kwa mkono wao sina lawama wallahi, walinikata vizuri na vipimo mpaka leo viko safi.

Lawama yangu ni ya mdomo. Siku niliyoondolewa ule mfuko, tundu la tumboni likafungwa, dokta alinipa mkono akaniambia mzee umepona, sasa utaenda choo kama zamani.

Kama zamani! Siku ya tatu niko nyumbani nilienda mara kumi na saba, mke wangu ndo aliyekuwa akihesabu mimi nilishachoka. Na si kuhara, watu wanadhani ni kuhara. Ni kidogo kidogo, unatoka unadhani umemaliza, unajitwahirisha, unafunga kikoi chako, hujafika mlangoni lakuita tena, unarudi, mara tano mara sita ndani ya saa moja, alafu siku ya pili kimya mpaka jioni kama hakuna kitu. Na likikuita halikupi hata dakika mbili, ni sasa hivi ama aibu. Sikwambii upepo. Zamani mtu mwili wake unamwambia mwenyewe huu ni upepo tu, uachilie, ama huu ni mzigo, tafuta choo. Huo ujuzi hatujui kama ni neema mpaka uondoke. Wangu uliondoka. Mara tatu niliuamini upepo na mara tatu nilibadilisha kikoi.

Basi nikajificha. Nikaacha baraza, nikaacha kukaa uwanja wa Mkunguni, harusi ya mtoto wa dada yangu nikasema nina homa. Kanzu nyeupe nikaitundika msumarini sikuigusa miezi na miezi, wewe fikiria kanzu nyeupe, Ijumaa, safu ya mbele, unarukuu. Msikitini nikawa sionekani, watu wakasema huyu kamkasirikia imamu, wengine wakasema ugonjwa umerudi anaficha, na mimi nikaona bora waseme hivo kuliko waujue ukweli. Mke wangu alikuwa akifua usiku ili majirani wasione kamba imejaa vikoi kila asubuhi. Hakulalamika hata siku moja, na hilo ndo lililoniuma zaidi.

Alafu ikaja siku ya kliniki Mombasa. Mnaoishi huko juu hamjui safari ya Lamu ikoje. Unavuka kwa boti mpaka Mokowe, hapo boti haina choo lakini ni muda mfupi nikavumilia, alafu basi, masaa na masaa, lami sasa ipo alhamdulillah lakini vizuizi vya polisi vipo vile vile na si kila mahali gari linaruhusiwa kusimama. Sikuwa nimekula tangu usiku, hio nilishajifunza mwenyewe kwamba nikila tu tumbo linaamka. Tulipofika Witu njaa ikanishinda, nikajidanganya nitakula hamri moja na chai ya rangi. Hamri moja bwana. Hatujaenda mbali likaanza kuita. Nikamwendea konda polepole nikamwambia kijana wangu nina shida ya tumbo nisimamishieni, akanijibu mzee vumilia mpaka Minjila, hapa hatusimami ni amri. Amri ya usalama naielewa, sisi watu wa Lamu tunaielewa kuliko mtu yeyote, lakini tumbo langu halisikii amri ya mtu. Nikarudi kiti changu nikakaa, nikakaza meno. Haikusaidia kitu.

Harufu ilipotoka watu wakaanza kufungua madirisha, kijana mmoja nyuma akacheka. Mama aliyekaa pembeni yangu hakusema neno, alikuwa amejifunga leso ya pili, akaivua akaniwekea mapajani kisha akageuka kutazama nje kama hakuna lililotokea. Mpaka leo sijui jina lake, hata uso wake sikuthubutu kuutazama vizuri. Kama anasoma hapa, leso yake ninayo, imefuliwa, ina maua mekundu.

Nilipofika kliniki nilikuwa nimeshaamua kuwaambia wanirudishie mfuko wangu. Kulikuwa na nasi (muuguzi) mmoja, binti mdogo tu, nikamwambia mwanangu mimi nimeharibikiwa. Akanifungia pazia akaniuliza maswali matano. Upepo unauzuia au unatoka wenyewe? Choo cha maji kinavuja bila wewe kujua? Unaenda mara ngapi kwa siku? Ukishaenda, unarudi tena ndani ya saa moja? Na likikuita, unakimbia? Kila jibu lina alama zake akawa anajumlisha kwenye karatasi, nikapata 36. Nikamuuliza ni nyingi? Akasema baba, mwisho ni 42, kuanzia 30 ni tatizo kubwa. Yale maswali yalitungwa Denmark mwaka wa 2012, na wazungu shida yenyewe wanaiita LARS, yaani taabu za choo zinazomfika aliyekatwa utumbo wa chini akaungwa tena.

Mhariri nikueleze ukweli, nililia. Si kwa uchungu. Nililia kwa sababu kitu changu kina jina. Nikamuuliza kwani tuko wengi? Akasema wengi baba, waliokatwa huko chini wakaungwa tena, wasiopata hata chembe ya hili ndo wachache, na aliyeungwa chini sana ama aliyepigwa mionzi ndo hupata zaidi. Mimi yote mawili. Yaani hesabu yangu ilikuwa inajulikana kabla sijalala kitandani cha opresheni na hakuna aliyenisomea!

Alinieleza kwa mfano nikaushika hapo hapo, manake na yeye ni mtu wa pwani. Akasema baba, kwenye nyumba zenu za mawe si kuna birika chooni? Maji yanaingia yanakaa mpaka wewe uyatake. Basi kule mwisho wa utumbo pana birika, sentimita 15 hivi, linatanuka, linahifadhi, lina hisia zake za kujua kilichoingia ni nini. Uvimbe wako ulikuwa kwenye birika, birika limekatwa, sasa bomba limeungwa moja kwa moja kwenye mfereji. Bomba ni jembamba halijui kutanuka, kikija kidogo kinataka kutoka. Na mfereji wenyewe, ile misuli, umechoka kwa kuvutwa na mionzi. Kwa hivo si uchafu wako wala si uzee, na huna laana. Ni ufundi wa mabomba tu.

Akaniambia hali huwa inatulia yenyewe kidogo kidogo mwaka wa kwanza na hata mpaka wa pili, lakini usikae ukingoje tu, kuna kazi ya kufanya. Sasa haya nitakayosema ni niliyofundishwa mimi kwa mwili wangu, wewe msomaji mwenye shida kama yangu nenda kamuulize dokta wako kwanza, usije ukaninunulia kesi.

Kwanza chakula, na hapa ndo nilipojifunza zaidi. Si kuacha kula, mimi nilikuwa najishindisha njaa nikawa nazidi kuharibika. Ni kujua saa. Tumbo likipokea chakula linausukuma utumbo wa chini, mtu yeyote liko hivo, sema sisi tusio na birika tunalisikia papo hapo. Kwa hivo nakula mapema, kidogo kidogo, kwa saa zile zile kila siku, nangoja zangu lifanye fujo lake nikiwa nyumbani, likimaliza ndo natoka. Wali mweupe, viazi vya kuchemsha, ndizi mbivu, mkate, hivo vinashika. Kahawa tungu ya asubuhi nimeiaga, na kwa mtu wa Lamu kuaga kahawa ni msiba, lakini ile kahawa ilikuwa inanikimbiza kabla kikombe hakijakauka. Pilipili, maharagwe, vitunguu vingi, vya kukaanga vyenye mafuta, tui zito, hivo vyangu mimi ni maadui. Mwenzangu anaweza kuwa na wengine, ndo maana binti alinipa daftari niandike nilichokula na kilichotokea, wiki mbili tu nikawajua wabaya wangu wote. Pweza wa nazi bado nakula, lakini siku sina pa kwenda.

Kuna unga wa maganda ya mbegu unaitwa isabgoli, maduka ya dawa wanao, unaukoroga na maji kidogo unakunywa, ule unanyonya maji unakifanya choo kishikane kitoke kwa pamoja badala ya vipande vipande. Alafu kuna zile tembe za kuzuia kuhara, loperamidi, watu wengi wanaijua kama Imodium. Mimi nilidhani ni za mtu anayeharisha tu, kumbe kwa sisi ni za kupunguza mwendo wa utumbo, nusu saa kabla ya kula, na unaanza na kidogo manake ukizidisha unafunga choo kabisa na hapo umepata shida nyingine. Siku ya safari ndo naitegemea sana. Ukiwa na homa au choo kina damu hio usiiguse, wewe nenda hospitali.

Na mazoezi. Hapa nilicheka, nikasema mwanangu mimi nifanye mazoezi ya wapi? Akasema ya huko huko. Unakaza kama unayezuia upepo mbele ya wakwe, unashikilia ukihesabu mpaka tano au kumi, unaachilia polepole, unarudia mara kadhaa, na hivo kila siku mara tatu, usibane tumbo wala makalio, ni ule mlango tu. Usitegemee kuona kitu wiki ya kwanza, ni miezi mitatu hivi. Uzuri wa kazi yangu nakaa na sindano nakaza nashona, hakuna anayejua. Hata sasa ninavyoandika.

Ngozi pia, hakuna anayesema habari ya ngozi. Ukienda mara kumi na saba na kujisafisha mara kumi na saba ngozi inachubuka mpaka kukaa huwezi. Maji tu, sabuni kali hapana, unajikausha kwa kubonyeza na kitambaa laini usisugue, alafu unapaka ile krimu nyeupe ya zinki wanayopakwa watoto wa pampasi. Hapo sisi wa kutumia maji tuko mbele ya wale wa karatasi, hilo hata nasi alikubali.

Kuna na njia ya kusafisha utumbo kwa maji ya vuguvugu kwa kifaa maalum ili ukae bila wasiwasi siku nzima, wazee watasema hilo ni lile bomba la kutiwa maji kwa nyuma tu, lakini si bomba la mtaani jamani, kiungo kinaweza kupasuka, lazima ufundishwe na anayejua. Hilo mimi sijalijaribu.

Basi nikawa na begi langu. Vikoi viwili vyeusi, chupa ya maji, krimu, pampasi za wakubwa, na kwa vile mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017 nimetafuta kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko, kilichochafuka kinaingia humo na harufu haitoki. Mke wangu analiita begi la hujaji.

Msikiti nao. Nilienda kwa sheikh wetu usiku, nikamweleza nikiwa nimeinama. Yeye wala hakushtuka, akasema hii masala ni ya zamani sana imo vitabuni, wewe ni mwenye hadathi ya kudumu, yaani chenye kuvunja udhu kinakutoka bila kukatika. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, wakati wa sala ukiingia unajisafisha, unajifunga vizuri, unatia udhu, unasali bila kuchelewa, na kitakachotoka baada ya hapo hakikuharibii sala yako, sala nyingine ya faradhi unarudia vile vile. Na msikitini ingia maadamu umejifunga hutachafua. Miezi minane nimekaa nje ya sala ya jamaa kwa kitu ambacho wanazuoni walishakimaliza! Sasa nasali safu ya nyuma karibu na mlango, kanzu nimeishusha msumarini, chini yake nina ulinzi wa kutosha. Ramadhani ndo bado inanitatiza kidogo, mchana raha mstarehe hakuna kilichoingia kwa hivo hakuna kinachotoka, lakini nikishafuturu tu tarawehe nazisali nyumbani.

Juzi nilijibu tena yale maswali matano nikapata 24. Sijawa kama zamani, na nasi aliniambia mapema kabisa kama zamani huenda isije. Kwa siku naenda mara nne, tano, na nyingi nazijua saa zake. Ajali bado zipo, moja moja.

Sasa ombi langu Mhariri, na hapa naomba msikate. Mkiandika tena saratani hii, msiishie kwenye akapona. Andikeni na choo. Na nyinyi madaktari mnaosoma gazeti hili, hata wale mlionikata mkanipa uhai na nawaombea kila sala, tuambieni kabla. Msiogope tutakimbia opresheni. Mimi ningeambiwa ningekatwa vile vile, lakini mke wangu angejua, ningenunua pampasi mapema, nisingekula ile hamri Witu. Na mtu aambiwe pia kwamba mfuko wa kudumu upo, kuna waliojaribu yote haya wakachoka wakaomba wenyewe warudishiwe mfuko wakaishi kwa raha, na huyo hajashindwa kitu, amechagua.

Na wenye mabasi ya njia yetu, pamoja na wanaopanga vituo. Kama hapa pana amri hapasimamwi, basi pale panaposimamwa pawe na choo chenye maji, kisicho na kufuli wala mtu wa kukudai chenji mlangoni huku umekaza miguu. Na konda afundishwe kwamba mzee akija kukunong'oneza sikioni hajaja kukupigia gumzo.

Kuna mtu mwingine hapa mjini, sitamtaja hata mtaa, aliondolewa mfuko wake mwezi uliopita na nasikia hatoki ndani, wanasema ana homa. Ndugu yangu, hio homa naijua. Mimi niko nyumbani kila siku baada ya laasiri, kofia mkononi. Wewe njoo tu, hata usiseme chochote. Choo changu kiko hapo hapo nyuma ya kiwanda, hatua sita kutoka mlangoni, nimezihesabu.

Naachia hapa Mhariri, nishakunywa chai na nusu saa yangu inakaribia kwisha.

Ni mimi,
Mshona kofia,
Langoni, Lamu.